Shahidi wa Pili

Mji mkuu, 4 Februari 2001

Shemeji Tetri,

Nakugusa miguu kwa heshima. Kaka Jagdeo angekuwa hai angesema, "Huyu akianza na miguu, ujue kuna kitu amevunja." Ni kweli, nimevunja.

Nimesikia umejifunza kusoma na kuandika kwenye darasa la akina mama, na sasa humhitaji karani wa posta. Nilifurahi, halafu nikaogopa. Miaka yote nilikuwa na kisingizio: nitamwambiaje Shemeji jambo hili kwa mdomo wa yule karani, ambaye akisoma barua moja kijiji kizima kinajua kabla chai haijachemka? Kisingizio kimekwisha.

Mimi ndiye niliyeua muswada wa ardhi ya mto. Si Baraza la Juu wala Baraza la Chini. Si Asarfi, mbunge wenu, ambaye mlimpaka matope mlango wake. Ni mimi, karani wa mezani wa Baraza la Juu, niliyeishia darasa la kumi, mwenye ufunguo wa kabati moja la mbao.

Nilikuwa namlipiza Asarfi. Kwa nini, unajua. Mwaka sabini na saba hakimu alimuuliza kama aliwaona watu wa Babu Harihar, yule bwana mashamba, wakimpiga kaka kwa marungu pale shambani. Asarfi, ambaye tuliogesha naye nyati tangu hatujaota ndevu, akajibu neno moja tu. "Sikuona." Kesi ikafa. Shamba likaenda. Kaka akatema damu miezi minane mpaka akaisha. Mimi nilikuwa huku mjini, nina wiki tatu kazini, nikaapa kwamba ipo siku mtu huyu atakuja kwangu na shida yake, nami nitamjibu kwa neno lake mwenyewe.

Humu zimo barua zake na nakala za zangu. Ofisini tunaandika kila kitu mara mbili, nimezoea hivyo. Nimezitoboa nikazifunga kwa uzi wa faili kwa kufuata tarehe. Nyuma ya baadhi nimeandika kwa wino mwekundu yale ambayo mbele sikuyasema. Zisome zote, hata kama utaanza kunilaani kwenye ya pili.

Shemeji yako,
Phuleshwar


Hosteli ya wabunge, 14 Machi 1999

Phule, mla tumbaku mkuu,

Tumeupitisha. Ijumaa saa kumi na moja jioni, kura nyingi mpaka Spika akachoka kuhesabu. Ardhi iliyomezwa na mto, mto ukiitapika, inarudi kwa yule aliyekuwa akiilima, siyo kwa mwenye bunduki anayewahi kusimika bendera. Shemeji Tetri atapata bigha zake nne za shamba.

Sasa unavuka korido kuja kwenu, kwenye nyumba ya maprofesa na wenye mashamba. Najua watausinzia. Wana haki ya kuusinzia miezi mitatu. Baada ya hapo sisi tunaupitisha mara ya pili, wao wanausinzia mwezi mmoja tena, halafu unakuwa sheria wapende wasipende. Shida ni moja tu. Hiyo miezi haihesabiwi tangu sisi tulipopiga kura. Inahesabiwa tangu siku nyinyi mnapouweka mezani. Na Baraza letu linachechemea, ndugu yangu. Serikali inaongoza kwa watu watano, na watatu kati yao wana bei. Wanasema kufika Julai au Agosti tutavunjwa. Tukivunjwa muswada uko njiani, umekufa huo, tunaanza upya na alifu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo: ukifika, uweke mezani siku ileile. Kwenye korido sikukusimamisha, maana wangesema Asarfi anatafuta mlango wa nyuma. Kesho nakwenda nyumbani. Niandikie huko.

Hujawahi kuniuliza habari za mahakamani. Najua unazikumbuka. Nakushukuru kwa kutoniuliza.

Wako,
Asarfi Sahni


Mji mkuu, 5 Aprili 1999

Ndugu Asarfi,

Barua yako nimeipata, na huku tuko wazima ila joto limeanza mapema.

Kuhusu muswada wako, mpaka leo mezani sijauona. Nimeuliza ofisi ya Mwenyekiti wetu, wanasema tarehe haijapangwa. Nimeuliza tena, wakaniuliza mimi nina haraka ya nini. Ndiyo nyumba yetu ilivyo, watu wakubwa hawakimbizwi.

Nisikudanganye nikakuambia nimeona kitu ambacho sikukiona. Wewe mwenyewe unajua, mtu akiwa hakuona, hakuona.

Niko macho kwa ajili yako.

Phuleshwar

(Nyuma, kwa wino mwekundu)

Shemeji, muswada uliletwa Jumanne tarehe 16 Machi saa tano asubuhi. Karani wa Baraza la Chini aliingia na kilemba chake, akainama mara tatu kama desturi, akanikabidhi. Nikatia sahihi kwenye kitabu cha kupokelea, tarehe sikuandika. Nikaufunga kwenye kitambaa chekundu pamoja na miswada iliyokwisha kufa zamani, nikaweka kabatini, nikafunga.

Ofisi ya Mwenyekiti niliwaambia Baraza la Chini wamekuta makosa ya chapa, wataleta nakala safi. Karani wa Baraza la Chini nikamwambia Mwenyekiti bado anatafuta siku. Basi kila upande ukakaa unamngoja mwenzake. Ni kazi rahisi ajabu kusimamisha serikali, Shemeji. Unahitaji kabati, na watu wawili wasiosalimiana.


Basanpatti, 18 Aprili 1999

Phule,

Mwezi na zaidi sasa. Wanafanya nini hao wazee wenu? Wanausoma herufi moja kwa siku?

Jana kwenye mkutano nimeshindwa kujizuia. Nimesema Baraza la Juu ni nyumba ya vikongwe wanaolala na meno yao kwenye bilauri, na wakiamka hawakumbuki bilauri ipi ya nani. Watu walicheka mpaka jukwaa likatikisika. Mwandishi wa gazeti alikuwepo. Sijui nijute au nisijute.

Huku hali si nzuri. Mto umeachia mchanga mwingi mwaka huu, lile shamba letu la upande wa mashariki liko juu kabisa, jeusi, linanukia. Mtoto wa Babu Harihar ameshapita na trekta kuliangalia. Mzee Ghuran anakuja mlangoni kwangu kila asubuhi na fimbo yake, ananiuliza, "Muswada umelala upande gani leo?" Namwambia ubavu wa kushoto. Anasema, "Ugeuze basi, utapata vidonda." Ana miaka themanini na mbili, anataka alime msimu mmoja tu kwenye ardhi yenye jina lake.

Shemeji Tetri haulizi. Ananiletea unga wa dengu na pilipili, anakaa kidogo, anaondoka. Hilo linaniuma zaidi.

Asarfi


Mji mkuu, 27 Aprili 1999

Ndugu Asarfi,

Hatimaye. Jana Jumatatu umewekwa mezani.

Lakini maneno yako ya meno yamefika kabla yake. Gazeti lilizungushwa kiti kwa kiti. Profesa Umakant, ambaye ndiye mwenye sauti huku, alisimama na kusema, "Wenye matope miguuni wanataka kutufundisha kuamka?" Wakampigia meza. Sasa wanataka waongeze kifungu: ardhi arudishiwe mwenye stakabadhi za kodi tu. Asiye na karatasi, hana shamba.

Ushauri wangu kama ndugu: usikubali hata nukta. Ukilegea, kesho watasema umekula kitu. Mkulima ni mkulima, awe na karatasi asiwe nayo. Simama kama mwanamume, waache wao ndio wainame.

Phuleshwar

(Nyuma, kwa wino mwekundu)

Siku arobaini na moja. Nilikuwa naziwekea alama kwenye kalenda ya ukutani, ile yenye picha ya mungu wa kike, mke wangu akafikiri nahesabu siku za kufunga. Niliutoa kabatini kwa sababu moja tu: Profesa mwenyewe alikuwa ameanza kuuliza kwa nini hajauona. Nilisema umefika asubuhi ile. Alinitazama, akasema, "Basi korido yetu ni ndefu."


Basanpatti, 23 Mei 1999

Phule,

Nimefikiri sana. Ushauri wako niliushika mwezi mzima, nimesimama kama mwanamume mpaka miguu imeota mizizi. Lakini muswada haupigiwi saluti, unapitishwa au haupitishwi.

Sikiliza. Wao wanataka karatasi. Karatasi za watu wetu ziko wapi? Mto ulipochukua nyumba ulichukua na masanduku. Za Shemeji zilikuwa kwenye sanduku la bati la mahari yake, kila mtu aliliona likielea kama bata. Sisi tunataka neno la mkulima peke yake, na wao wanaogopa kila mtu atasema ardhi yote ni yake. Hilo nalo, tuseme ukweli, lina sababu. Nawajua watu wangu.

Basi nimepata katikati. Asiye na stakabadhi alete mashahidi wawili wa kijiji hichohicho, watu waliomwona kwa macho akilima kabla mto haujaingia. Waape mbele ya mpimaji. Wawili wakisema tuliona, shamba ni lake. Shemeji ana Mzee Ghuran, na ana mimi.

Umakant ana kiburi lakini si mtu mbaya. Mpelekee neno langu kimyakimya. Mwambie akikubali mashahidi wawili, mimi nitawashawishi wa upande wetu. Na kwa ile habari ya meno nitaomba radhi, kwa maandishi, gazetini akitaka. Aibu nitaimeza. Nimeshazoea kumeza.

Lakini iwe haraka, Phule. Fununu za Julai zimekuwa nzito.

Asarfi


Mji mkuu, 4 Juni 1999

Ndugu Asarfi,

Nilimfikishia. Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Alisema hivi, nakuandikia vilevile: "Mashahidi wa kuona? Kwao huko si ndiko watu hutazama na wasione?"

Samahani kwa kukuletea maneno machungu. Nadhani hakuna njia ila kungoja miezi mitatu iishe, muwapige kwa kura ya pili. Vumilia.

Phuleshwar

(Nyuma, kwa wino mwekundu)

Profesa hakucheka. Nilimpa karatasi niliyonakilia wazo la Asarfi, akaisoma mara mbili amesimama dirishani. Akasema, "Hili linafaa. Kwa nini hatukulifikiria sisi? Mwambie aje wiki hii tuandike kifungu pamoja. Na habari ya meno aiache, mke wangu anaicheka mpaka leo." Siku nne baadaye akaniuliza Asarfi yuko wapi. Nikasema, "Mheshimiwa, amebadili mawazo. Anasema hataki kukaa meza moja na nyinyi." Profesa akakunja uso, akaliweka lile wazo kwenye mfuko wa koti, na mimi nikarudi mezani kwangu nikanywa maji bilauri mbili.

Yale maneno ya kutazama na kutoona niliyatunga mimi. Nililala nayo siku tatu ili yakae sawa. Nilipoyaandika nilijisikia kaka amekaa karibu yangu anatikisa kichwa kwa kuridhika. Huo ndio ukweli, sioni haya kukuambia, au tuseme naona haya na nakuambia.


Mji mkuu, 21 Julai 1999

Phule,

Utakuwa umesikia kabla yangu. Jana saa sita mchana Baraza la Chini limevunjwa. Watatu wenye bei wamepata mnunuzi.

Nimekaa na kalenda. Mngeuweka mezani siku ulipofika, miezi mitatu yenu ingeisha tarehe kumi na sita Juni. Tungepitisha mara ya pili kesho yake, mwezi wenu mmoja ungeisha kumi na saba Julai. Zingebaki siku tatu. Siku tatu, Phule, watu wanavuka nazo mto. Badala yake, siku sita kabla ya miezi mitatu kwisha, tumefukuzwa.

Nimetupa funguo za chumba cha hosteli mezani kwa mlinzi. Aliniambia, "Utarudi, Mheshimiwa." Nilimwambia, "Nikirudi nitakuja kuomba kazi yako."

Sijui nitamwambiaje Mzee Ghuran muswada umelala upande gani.

Asarfi


Basanpatti, 19 Novemba 2000

Phule,

Kimya changu kirefu, usinihesabie. Nilikuwa sina la kuandika.

Unajua nilipata kura ngapi. Watu walisema niliuuza muswada, kwamba nilikaa na wazee wa Baraza la Juu tukagawana. Walinipaka matope mlango mzima, hata kwenye komeo. Sikuyaosha. Mvua ndiyo iliyoosha.

Mzee Ghuran alikufa Januari, kwenye ile baridi iliyoua na ng'ombe. Alikuwa amekaa jua la asubuhi, akajifunika, hakujifunua.

Na Agosti, kama ulivyoona kwa macho yako, Baraza jipya wakaupitisha muswada uleule, na mashahidi wawili vilevile nilivyokuandikia. Mabaraza yote mawili, siku tisa. Profesa Umakant ndiye aliyesimama kuutetea huko kwenu. Hata jina la kifungu hawakubadili. Nilifurahi, ninaapa. Mtu akiona mtoto wake anatembea, haulizi nani alimshika mkono.

Wapimaji watafika kwetu Aprili. Shemeji Tetri anahitaji mashahidi wawili na amebaki na mmoja, ambaye ni mimi. Wa rika letu wamekwenda kuvuna ngano Punjab, na waliobaki wanamwogopa mtoto wa Babu Harihar. Tunatafuta.

Nakushukuru kwa yote uliyoufanyia muswada wangu. Wewe peke yako ulikuwa macho.

Asarfi


Basanpatti, 2 Machi 2001

Phuleshwar,

Naandika mwenyewe. Herufi ni kubwa, usinicheke. Nimetumia siku sita.

Barua zako nimezisoma. Ya kwanza nilikulaani. Ya pili nilikulaani. Baadaye nikachoka, nikaenda kukamua nyati, nikarudi nikaendelea.

Sasa na mimi nakuambia. Hili nilishindwa kukuambia miaka ishirini na tatu kwa sababu ileile yako, karani wa posta. Kuna kitu huwezi kumpa mtu mwingine akuandikie.

Siku ile watu wa Babu Harihar walikuja sita. Kaka yako hakuwangoja. Yeye ndiye aliyepiga wa kwanza. Alimpiga mmoja kwa mpini wa jembe, hapa juu ya sikio, akaanguka majini na mto ukaenda naye. Hakuonekana tena. Alikuwa mtu wa mbali, hakuna aliyemfuatilia, Babu Harihar mwenyewe alifikiri amekimbia. Ndipo wale watano wakampiga Jagdeo. Mahakamani walikana hata kufika shambani, kwa hiyo wa sita hawakumtaja.

Asarfi aliona yote, alikuwa juu ya tuta na nyati wake.

Akisema niliona, wakili atamuuliza, nani alianza? Wa sita yuko wapi? Jagdeo angenyongwa. Usiku wa kuamkia mahakamani mimi ndiye niliyekwenda kwa Asarfi. Nilimwekea ncha ya sari yangu miguuni, kumsihi. Nilimwambia sema hukuona. Akaniuliza, "Na Phule nimwambie nini?" Nikasema, "Phule usimwambie kitu. Ana kazi ya serikali, akijua naye ataulizwa." Asarfi akasema, "Basi atanichukia." Nikasema, "Akuchukie."

Kwa hiyo lile neno ulilolikariri miaka yote halikuwa la Asarfi. Ni langu. Ulitaka kumlipiza mwenye neno, umenipata mimi. Bigha nne zilikuwa zangu. Na Mzee Ghuran alikuwa shahidi wangu, hai, na meno matatu.

Kingine. Asarfi anajua. Agosti alikwenda mjini kuuona muswada ukipita, akakaa kwenye viti vya wageni. Profesa alimkuta nje akamuuliza, kwa nini ulikataa kukaa na sisi? Asarfi akarudi, akaja kukaa kwangu, hakula. Akasema, "Shemeji, Phule hakuniona." Hilo tu. Ile barua ya kukushukuru aliiandikia kizingitini kwangu. Nilimuuliza, unamshukuru nini mtu huyu? Akasema, "Hiyo ndiyo fimbo yangu, sina nyingine."

Mwisho wa barua yako ya kwanza kuna karatasi ndogo umeikunja. Unasema unataka kwenda kwa Mwenyekiti ukaseme kila kitu, ufukuzwe, utue mzigo. Hutui. Ukisema sasa, utakuwa mwizi wa karatasi, na mwizi wa karatasi mpimaji hamwapishi. Mimi nataka shahidi wa pili. Wewe ulilima shamba lile na kaka yako, misimu minne, nilikuwa nawaletea chakula. Macho yako ni ya uongo lakini yaliona.

Haya ni masharti yangu. Nyinyi wa Bunge mnajua, upande mmoja hapa na upande mmoja pale mpaka mpate katikati. Utafunga mdomo mpaka Aprili. Tarehe tisa utakuja. Utasimama kushoto kwa Asarfi, mbele ya wale waliompaka matope, na mpimaji akikuuliza utasema, "Niliona." Utasema kwa sauti, mpaka watu wa nyuma wasikie. Asarfi nimemwambia. Amesema atasimama, lakini hatakutazama. Usimlazimishe.

Nikishapata karatasi yangu mkononi, barua zako nitazipeleka kwa Mwenyekiti mimi mwenyewe. Ziko kwenye gudulia la mchele, zimefungwa kwa uzi wako. Hapo utafukuzwa. Sitakuombea.

Sijakusamehe. Miguu yangu usiiguse, wala kwa barua.

Tetri


Mji mkuu, 11 Machi 2001

Shemeji Tetri,

Nimesoma. Nimekaa nayo siku mbili bila kula tumbaku, mke wangu akaniuliza kama naumwa jino.

Nimekubali masharti yote, sina marekebisho.

Likizo nimeomba, nimepewa kuanzia tarehe saba Aprili. Nitashukia kituo cha ng'ambo na kutembea kwa tuta, watu wanione nikija. Kwa Asarfi sitaingia. Nitasimama pale utakaponionyesha. Neno nimeanza kulisema peke yangu nikioga, nalo bado linatoka kwa sauti ndogo, ila mpaka tarehe tisa watu wa nyuma watalisikia.

Humu nimeweka bahasha. Anwani ya Mwenyekiti nimeiandika mwenyewe, kwa herufi za ofisi, ili isipotee kwenye korido yetu ndefu. Stempu nimeshabandika. Fungu la barua nililipima kwenye mizani ya ofisi kabla sijakutumia, nikajumlisha na hii. Nimeacha uzito wa karatasi moja zaidi, kama utataka kuongeza la kwako kwa mkono wako.

Phuleshwar